Malezi ya haiba na uwajibikaji katika shule za msingi za pembezoni mwa Dar es Salaam

Malezi ya haiba na uwajibikaji ni sehemu ya elimu ya msingi inayomjenga mwanafunzi ajitambue, ajitawale na aone kuwa watu na mali zinazomzunguka zinamhusu. Nchini Tanzania msingi wake ni Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Julius Nyerere Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Waraka huo ulitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi, na wanafunzi washiriki kuamua mambo ya kazi hiyo.

Mashamba ya shule yaliyotokana na fikra hizo hayana nafasi tena katika mitaa ya Temeke kama Mbagala au Tandika, ambako nyumba zimesogea hadi ukutani mwa shule. Zilizobaki ni kazi za kila siku: kufagia uwanja kwa chelewa, kudeki darasa, kuchota maji, kumwagilia miti. Kila darasa hupewa eneo lake, viranja husimamia, na mwalimu wa zamu hukagua kabla ya mstari wa asubuhi. Kazi hizi hulea zinapogawanywa kwa haki. Ufagio ukitolewa kama adhabu, mtoto huchukia usafi. Vivyo hivyo kwa uongozi: kiranja anayetumwa kuandika majina ya wapiga kelele tu hujifunza kuchongea, lakini anayesimamia foleni ya uji, wadogo wakitangulia, hujifunza kumjali mwenzake.

Darasani, maadili yalifundishwa katika somo la Uraia na Maadili. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Tatizo kubwa ni wingi wa wanafunzi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu michango ya lazima iondolewe Januari 2016, uandikishaji umepanda sana, na Temeke kuna madarasa yenye zaidi ya wanafunzi 100. Mwalimu wa darasa kama hilo hawezi kujua majina yote, sembuse tabia ya kila mtoto. Shule nyingine husoma kwa zamu mbili. Wa mchana hukaa nyumbani asubuhi nzima bila mtu mzima, wazazi wakiwa wameshatoka kwenda kutafuta riziki.

Uwajibikaji unaofundishwa shuleni hupimwa hata njiani. Katika shule kadhaa za jiji, shirika la usalama barabarani la Amend, kupitia mpango wake wa SARSAI, limejenga matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu, huku likiwafundisha wanafunzi kuvuka barabara. Mpango huo ulipata tuzo ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019. Kituoni mambo ni tofauti: makonda huwazuia wanafunzi kupanda daladala kwa sababu ya nauli yao ndogo, na mtoto anayeambiwa shuleni awapishe wazee kiti husukumwa mlangoni na watu wazima.

Kwa upande wa adhabu, kanuni za serikali za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa kuandikwa kitabuni. Fimbo huleta utii wa hofu, nao huisha mwalimu akigeuka. Kamati za shule, ambamo wazazi wana viti, zikague kitabu hicho na kuhoji kila kiboko kilichoandikwa.