Safu ya Lugha: Taiga
Naona waandishi wakiiita misitu ya Siberia na Kanada “tundra”. Sivyo! Tundra ni nyika ya baridi kali isiyo na miti mirefu. Taiga, neno lililotufikia kupitia Kirusi, ndiyo msitu wenyewe, wa misonobari na jamaa zake. Wataalamu huuita pia msitu wa boreali, kutokana na Boreas, mungu wa Wagiriki wa upepo wa kaskazini.

Wala si kila penye misonobari ni taiga. Ile ya Sao Hill, Mufindi, imepandwa. Hilo ni shamba la miti. Ama kuhusu taiga halisi, anayeisomea hachoki kuchimba udongo, maana kwa baridi ya huko majani huoza polepole mno, na kaboni nyingi zaidi imehifadhiwa ardhini kuliko mitini.