Bei ya Saa 24

Mwishoni mwa 2004, Kazunori Yamauchi na wenzake wa Polyphony Digital walitoa Gran Turismo 4 ya PlayStation 2, na ndani yake kulikuwa na mbio za saa 24. Si saa za kuigiza. Ni saa za ukutani. Unaanza Jumamosi saa 8 mchana, unamaliza Jumapili saa 8 mchana, na katikati huwezi kuhifadhi chochote. Stima ikipotea alfajiri, umerudi mwanzo kama mtu ambaye hajawahi kuingia garini.

Sasa mbona mtu akubali hiyo? Gran Turismo tangu ile ya kwanza ya 1997 ni gemu ya kujitafutia. Unapewa krediti 10,000, unanunua gari kuukuu, unashinda, unauza, unapanda. Mbio ndefu zilikuwa kazi kubwa kuliko nyingine, na mshahara wake ulikuwa gari ambalo hungelipata haraka kwa vijishindi vya mizunguko miwili mitatu. Hata 1997 kulikuwa na Grand Valley, kilomita 300, mizunguko 60. Hapo mkono unakufa ganzi na bado uko wa tatu.

Mimi gemu nilizijulia kwenye kibanda cha PS mtaani, mahali unalipa kwa dakika. Hakuna hata mmoja wetu aliyeanza mbio hizi. Kushinda krediti saa nzima huku mwenye kibanda anakuhesabia shilingi? Hiyo ni hasara ya wazi. Saa 24 zilikuwa za mtu mwenye mashine yake na stima yake.

Lakini hata hao walichoka. Kwenye Nürburgring halisi madereva hupokezana usukani. Yamauchi mwenyewe alishiriki 2011 na timu yake ikashinda kitengo chake. Kwenye gemu uko peke yako. Ndiyo maana GT4 ilikuja na B-Spec: unamwachia dereva wa kompyuta gari, unakaa kando kama meneja ukimwambia akaze ama apoe, na unaweza kuharakisha muda mara 3. Saa 24 zikawa 8. Watu wakaenda kulala, kijana wao akabaki kazini. Wengine walifunga padi kwa raba, gari likajikwaruza ukutani hadi pesa iingie. Nawapenda hao kuliko washindi wote. GT5 ya 2010 nayo ilikuja bila kuhifadhi katikati ya mbio, na ruhusa ya kufanya hivyo kwenye pit ikapatikana Oktoba 2011.

Kufikia Gran Turismo 7, Machi 2022, kulikuwa na njia nyingine: kununua krediti kwa pesa halisi. McLaren F1 iliuzwa krediti 18,500,000. Kifurushi cha krediti 2,000,000 kilikuwa karibu dola 20 Marekani, kwa hivyo ungehitaji vifurushi 10. Dola 200 kwa gari ambalo huwezi hata kuliegemea.

Halafu, wiki mbili tu baada ya gemu kutoka, sasisho moja lilipunguza malipo ya mbio kadhaa. Zile za vumbi za Fisherman's Ranch, ambazo watu walikuwa wakizirudia kutwa, zilishuka kutoka 65,000 hadi 30,000. Yaani bila bonasi, McLaren ilitoka mbio 285 ikawa 617. Isitoshe, seva zilikuwa zimezimika kwa zaidi ya saa 30. Yamauchi alieleza kwamba alitaka bei zifanane na thamani ya magari yenyewe duniani. Wachezaji wakawaka. Hakuna aliyebishana kuhusu McLaren. Walichokuwa wakitetea ni jioni zao.

Wiki moja baadaye aliomba radhi, akawapa krediti 1,000,000. Aprili, mbio ndefu zikarudi kama misheni 8 za saa moja moja, zikilipa hadi 1,200,000 kila moja. Ukizishinda zote una 9,600,000, nusu ya McLaren na chenji. Nusu iliyobaki, rudi vumbini.