Msonge Uliotoka Ndani ya Boma

Juu ya kilima cha Chetambe, karibu na Webuye, bado kuna alama za handaki la mviringo. Mwaka 1895 ndani ya handaki hilo walijikusanya Wabukusu na Watachoni kumkabili C. W. Hobley, afisa wa Uingereza aliyekuwa na kituo Mumias, pamoja na askari wake wa Kisudani na wasaidizi wa Kiganda na Kiwanga. Ngome ya Lumboka ilikuwa imeshaanguka, na Chetambe nayo ikaanguka. Vita hivyo husimuliwa kwa habari za bunduki na mashujaa, lakini vilibadilisha pia namna watu wa Bungoma walivyojenga nyumba.

Kabla ya hapo, nyumba ya Mbukusu ilikuwa sehemu ya kitu kikubwa zaidi, yaani lukoba, kijiji chenye ukuta wa udongo na handaki kwa nje. Vijiji hivyo, chingoba, vilizaliwa na hofu. Wamasai wa Uasin Gishu, Wateso na majirani wa Mlima Elgon walikuja kuteka ng'ombe, na ng'ombe ndio waliolipa mahari na kulisha ukoo. Kwa hiyo misonge ilibanana ndani ya ukuta, na jioni lango likazibwa kwa magogo.

Msonge wenyewe ulikuwa kazi ya mikono mingi. Wanaume walikata nguzo na fito, wakazisimamisha kwa duara na kuzifunga kwa kamba za magome. Baada ya hapo udongo ulikandwa kwa miguu na kujazwa kati ya fito. Paa liliezekwa kwa nyasi ndefu kuanzia chini kwenda juu, ili kila tabaka lifunike lile lililotangulia na maji ya mvua yasipate pa kupenya. Kusiriba kuta na sakafu kwa samadi ya ng'ombe ilikuwa kazi ya wanawake, na hiyo haikuwa na mwisho, maana kila mvua ilibomoa kidogo na kila sherehe ilidai ukuta mpya. Majirani waliokuja kusaidia hawakulipwa fedha. Walipewa chakula na pombe ya busaa, na mwenye nyumba alijua zamu yake ingefika.

Ndani, moshi wa mafiga ulikausha nyasi na kufukuza wadudu, huku ndama na mbuzi wakilala humohumo na watu. Mbele ya mlango wa mzee palikuwa na namwima, kibanda kidogo cha kuwatolea wazee waliofariki sehemu yao ya chakula. Kijana aliyetahiriwa hakulala tena kwa mama yake. Alijenga simba, kijumba chake mwenyewe, na mpaka leo neno hilo linaeleweka Bungoma kote, hata kama simba yenyewe ina mabati na televisheni.

Waingereza walipojitwalia kazi ya kuamua nani amvamie nani, ukuta ulikosa maana. Watu walitoka kwenye chingoba wakatawanyika, kila mtu na boma lake kando ya shamba lake. Halafu ikaja kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilihesabu vibanda, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu, na familia nyingi zikaamua kubanana katika nyumba chache. Serikali ilijibu mwaka 1910 kwa kodi ya kichwa.

Mwaka 1902 Waquaker kutoka Marekani walifungua misheni Kaimosi, nayo ilikuwa misheni ya ufundi. Pamoja na Biblia walifundisha kupasua mbao na kufyatua matofali, na Mkristo mwenye kusoma akatambulika kwa nyumba yenye pembe nne. Wengi husema msonge uliuawa na aibu ya kuitwa mshamba. Aibu ilikuwepo, lakini bati ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi. Bati huja likiwa limenyooka, na duara hulikataa. Kitanda na kabati navyo havikai vizuri kwenye ukuta uliopinda.

Nyasi nazo zikapotea. Trans Nzoia ya jirani iligawiwa walowezi, wengi wao askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Palipokuwa malisho pakawa mahindi. Baada ya uhuru wakulima wadogo waligawana mashamba hayo, na upande wa Bungoma miwa ikachukua eneo kubwa. Leo mwenye kutaka kuezeka kwa nyasi hulazimika kuzitafuta mbali, na baada ya miaka michache azitafute tena. Bati humngoja kwa muda mrefu zaidi, hata likiwa na joto la tanuri mchana na kelele za ngoma wakati wa mvua.

Mwaka huohuo wa 1926 Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake binafsi Kitale. Aliyaachia taifa, na mwaka 1974 yakafunguliwa kwa umma. Uwanjani kumejengwa nyumba za jadi za jamii za magharibi, misonge ikiwemo. Mtoto wa Bungoma anayetaka kuona ilivyokuwa nyumba ya mababu zake sasa hulipa kiingilio langoni.