Asili ya Somo la Hifadhidata katika Vyuo Vikuu

Somo la hifadhidata, yaani elimu ya kupanga habari nyingi ndani ya kompyuta ili watu wengi wapate kuzitumia pamoja, halikuzaliwa chuoni, lilizaliwa kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Charles Bachman, katika kampuni ya General Electric huko Marekani, aliunda mfumo ulioitwa IDS, ambamo habari moja ilifungwa na nyingine mfano wa mnyororo. Aliyetaka kujua jambo ilimlazimu azifahamu njia za kulifikia. Ustadi huo ulitegemea sana mfumo wenyewe. Mpangilio ukibadilika, programu nazo ziliandikwa upya.

Mnamo Juni 1970 E. F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika IBM huko San Jose, alitoa makala yenye shauri jingine. Habari ziwekwe katika majedwali, na mwenye kuuliza ataje akitakacho tu. Kuitafuta njia iwe ni kazi ya mashine. Kwa kuwa hoja hiyo ilisimama juu ya hisabati na mantiki, somo lilipata msingi usiotegemea mashine, hata mwalimu akaweza kulifundisha kwa chaki na ubao. Lakini si wote waliokubali. Mwaka 1974, huko Ann Arbor, Codd na Bachman walijadiliana hadharani. Na wapinzani wa majedwali walishikilia kuwa mpango huo ni mzuri kwa maneno, ila kwa vitendo utakuwa mzito mno.

Sehemu kubwa ya jawabu ilitoka chuoni. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walianza mwaka 1973 kuunda mfumo wa Ingres. Waandishi wa programu hiyo aghalabu walikuwa wanafunzi, waliokuja na kuondoka kwa kadiri masomo yao yalivyokwisha. Wala kazi yao haikufichwa: ilinakiliwa katika kanda za sumaku, ikapelekwa vyuo vingine, hata mwanafunzi wa mbali akaweza kuusoma mfumo mzima kama asomavyo kitabu.

Kisha mitandao ikaleta swali jipya. Fedha zikihamishwa baina ya kompyuta mbili, na moja ikazimika katikati, ifanyweje? Mnamo 1978 Jim Gray alieleza utaratibu wa hatua mbili: kwanza kila mashine huulizwa kama iko tayari, zote zikikubali, huamriwa kutimiza, hata moja ikikataa, kazi yote hutanguliwa. Hapo elimu ya hifadhidata na elimu ya mitandao zikashikana, zisiweze kutengana tena.

Mrithi wa Ingres, Postgres, alianzishwa Berkeley mwaka 1986, na tangu 1996 aitwa PostgreSQL. Hadi leo programu yake i wazi kwa kila mwenye kutaka kujifunza. Makampuni yalitoa fikra nyingi za elimu hii. Lakini ilienea upesi kwa sababu chuo kilikubali kutoa bila kuficha.