Mwitikio wa Kimataifa kwa Mauaji ya Januari 2001 Zanzibar: Wahisani, Majirani na Pwani ya Kiwengwa

Tarehe 27 Januari 2001, wafuasi wa Chama cha Wananchi (CUF) waliandamana Unguja na Pemba kudai uchaguzi mpya, katiba mpya na tume huru ya uchaguzi. Serikali ilikuwa imeyapiga marufuku maandamano hayo. Polisi, wakisaidiwa na jeshi, waliwafyatulia waandamanaji risasi za moto, na kwa ukali zaidi katika miji ya Pemba: Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Siku moja kabla, Ijumaa, damu ilikuwa imekwisha kumwagika mjini Unguja, karibu na msikiti wa Mwembetanga. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Aprili 2002, lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Takwimu za serikali zilikuwa ndogo kuliko hizo. Askari polisi mmoja naye aliuawa Micheweni, na kifo chake kilichukua nafasi kubwa katika maelezo rasmi ya tukio zima.

Tanzania ya 2001 haikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Ilikuwa na Bunge, vyama vingi na rais aliyechaguliwa, Benjamin Mkapa. Zanzibar nayo ilikuwa na rais wake mpya, Amani Abeid Karume. Hoja hii yaonekana ya kawaida, lakini ndiyo ufunguo wa kuelewa upole wa mataifa. Miezi 6 tu kabla ya mauaji, Julai 2000, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walipitisha Azimio la Lomé dhidi ya ubadilishaji wa serikali usiofuata katiba. Azimio hilo liliwalenga wanajeshi wanaopindua serikali, na adhabu yake ilikuwa kuzifungia tawala zao mlango wa vikao. Serikali iliyomo madarakani inapowapiga risasi raia wake haikuguswa na utaratibu huo. Umoja huo ulikuwa ukiongozwa wakati ule na Katibu Mkuu Salim Ahmed Salim, Mzanzibari mwenyewe. Hata hivyo, chombo alichokiongoza kilifungwa na kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama.

Historia ina kejeli zake. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Kampala tarehe 25 Januari 1971, Tanzania ilikataa kuitambua serikali yake na kumpokea Milton Obote. Miaka 30 baadaye, katika wiki hiyohiyo ya Januari, wakimbizi walikuwa ni Watanzania. Zaidi ya watu 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, wakapokewa na serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Kwa nchi iliyokuwa ikiwahifadhi mamia ya maelfu ya Warundi na Wakongo, na ambayo Agosti 2000 ilikuwa mwenyeji wa kutiwa saini kwa Mkataba wa Arusha kuhusu Burundi, hili lilikuwa doa ambalo hakuna tamko la kidiplomasia lingeweza kulifuta. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Arusha tarehe 15 Januari 2001, ilikuwa na umri wa siku 12 risasi zilipofyatuliwa. Mkataba wake ulitaja utawala bora na haki za binadamu miongoni mwa misingi yake, lakini jirani aliyewapa hifadhi wakimbizi hakutaka kumshitaki mwenzake katika jumuiya changa. Boti zilizotia nanga Shimoni zilisema zaidi kuliko barua za wizara.

Jumuiya ya Madola ilikuwa na deni lake katika jambo hili. Katibu Mkuu wake, Emeka Anyaoku, ndiye aliyesimamia muafaka wa kwanza kati ya CCM na CUF, uliotiwa saini Juni 1999. Waangalizi wake wa uchaguzi wa Oktoba 2000 waliuona uchaguzi wa Zanzibar kuwa ni vurugu tupu, wakataka urudiwe wote. Serikali ikaurudia katika majimbo 16 tu. Kwa hiyo mauaji ya Januari hayakuwa habari ya kushtukiza kwa mabalozi. Yalikuwa ni mwendelezo wa onyo walilokwisha kulisikia.

Silaha ya wahisani ilikuwa msaada, nayo ilikuwa imekwisha butuka. Baada ya uchaguzi wenye utata wa 1995, wahisani wengi, zikiwamo nchi za Skandinavia, walisimamisha misaada yao kwa Zanzibar. Kufikia 2001 hapakubaki kitu kikubwa cha kukata. Kilichobaki kilikuwa upande wa Muungano, ambako Tanzania ilikuwa katikati ya mpango wa kufutiwa madeni uliothibitishwa Aprili 2000 na kukamilika Novemba 2001, ukiwa na thamani ya takriban dola bilioni 3 za Marekani. Mpango huo haukukatizwa kwa sababu ya Pemba. Mageuzi ya kiuchumi ya Mkapa yalisifiwa mno na taasisi za fedha hata ikawa vigumu kumwadhibu.

Kiwengwa, kijiji cha pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja, chaonyesha upande mwingine wa mizani hii. Tangu miaka ya 1990, wawekezaji wa Kiitalia walijenga hoteli kubwa juu ya fukwe zake, huku wageni wakiletwa kwa ndege za kukodi zilizotua moja kwa moja Unguja. Serikali za Ulaya ziliponyima misaada, mitaji binafsi ya Ulaya iliendelea kumiminika mahali kama Kiwengwa, na karafuu iliyoporomoka bei ikaanza kuachia utalii nafasi yake. Adhabu ya wahisani iliwagusa zaidi wagonjwa na wanafunzi wa visiwani kuliko watawala, ambao tayari walikuwa wakijijengea chanzo kingine cha mapato. Aliyetaka kuisusia Zanzibar kwa dhati angepaswa kuanzia ufukweni.

Shinikizo lilizaa matunda lilipopata mlango wa ndani. Mazungumzo ya CCM na CUF yalifikia muafaka wa pili tarehe 10 Oktoba 2001, na wahisani wakayafunga matarajio ya misaada na utekelezaji wake. Muafaka huo ulidai uchunguzi wa mauaji. Mapema 2002 Rais Mkapa aliunda tume chini ya Brigedia Hashim Mbita, mtu aliyeongoza kwa miaka mingi Kamati ya Ukombozi ya OAU. Wengi wa waliokimbilia Shimoni walikuwa wamekwisha kurejea Pemba kabla tume hiyo haijaanza kuwasikiliza mashahidi wake.