Pengo la Jino na Pua ya Arfaja

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa ulimi na meno, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa Pwani, lakini kwa miaka mingi nimesomesha chuo Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Huko ndiko lilikonitoka jino moja la mbele, safu ya chini. Wenzangu waliniambia, "Jino moja tu, Maalim, si neno." Lakini msomeshaji wa Qur'ani anajua thamani ya jino moja. Herufi za Sin, Zai na Sad hutoka kwenye ncha ya ulimi inapoyakaribia meno hayo. Nilipolisoma neno Sirat katika Alhamdu, pumzi ilipenya penye pengo ikatoka mbinja. Na watoto, kwa utiifu wao, nao wakapiga mbinja kama mwalimu wao.

Jirani mmoja akanishauri, "Tia la dhahabu. Si hii hapa tumeikalia?" Kweli tumeikalia. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu zama za Wajerumani. Mgodi wake ulichimbwa tangu 1936 hadi 1966, na kazi kubwa ikaanza tena mwaka 2000. Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukafuata 2001. Lakini dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba nayo. Je, jino?

Jawabu lake ni la kale. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Ujahiliya. Akatengeneza pua ya fedha, ikamnukia vibaya, ndipo Mtume (S.A.W.) alipomwamrisha atie ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Imam Tirmidhi akaeleza kwamba wanavyuoni wengi walifunga meno yao kwa dhahabu, na hadithi hii ni hoja yao. Imam Abu Hanifa alipendelea fedha, mwanafunzi wake Muhammad akaruhusu dhahabu; na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi jino la dhahabu lajuzu.

Tazama sababu yake: dhahabu haikuruhusiwa kwa kumeta, bali kwa kuwa haiharibiki mwilini. Tabibu Abul Qasim Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki 1013, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, kwani wa fedha hugeuka kijani baada ya siku chache. Akaeleza pia kuchonga jino kwa mfupa wa ng'ombe na kulitia penye pengo.

Njia hiyo hiyo, ya kutafuta kitu ambacho mwili haukikatai, ndiyo aliyoifikia Profesa Brånemark wa Sweden. Mwaka 1952 alitia kidude cha titaniamu katika mfupa wa sungura. Alipotaka kukitoa hakikutoka, mfupa umekishika. Mwaka 1965 akamtibu mtu wa kwanza. Kipandikizi cha jino ni mfano wa skrubu ndogo itiwayo ndani ya taya. Huachwa miezi kadhaa mpaka mfupa ukishike, kisha juu yake huwekwa jino. Cha kawaida kina upana wa kiasi cha milimita 4. Lakini pengo la jino la mbele la chini ni jembamba, na mfupa uliokosa jino hupungua. Kwa hivyo vikafanywa vyembamba, vya milimita 3 hadi 3 na nusu, visiiguse mizizi ya meno jirani. Kwa gego, litafunalo kwa nguvu, huchelewa kuvitumia, visije vikavunjika.

Nimewaona vijana waliopata riziki machimboni, jino zima, zuri, lakatwa ili livikwe dhahabu. Hayo siyo ya Arfaja. Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaochonga meno kutafuta uzuri. Kuharibu kizima ni kubadili umbo la Mungu. Kuziba pengo ni kulirudisha. Na titaniamu si dhahabu, basi hata khitilafu ya maimamu haimo.

Gharama yake si ndogo, na asiye na uwezo asiingie deni kwa ajili yake. Mimi ningali na pengo, nadunduliza. Na darasani tunapofika kwenye Sad, humwita mwanafunzi mkubwa mwenye meno kamili atangulie, nami nikamfuata.

Wallahu aalam.