Guru Tegh Bahadur: kiongozi wa Wasikh aliyekufa akitetea ibada ya wengine



Wengi wetu katika Kivu ya Kaskazini tuliwaona askari wa India waliokuja na MONUC, na baadaye MONUSCO. Baadhi yao walivaa kilemba pale ambapo wenzao walivaa kofia. Kuna waliowadhania kuwa Waislamu, lakini walikuwa Wasikh, watu ambao ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huwaita Makalasinga. Leo tunapenda kueleza maisha ya mmoja wa viongozi wao wakuu, Guru Tegh Bahadur, aliyeuawa Delhi mwaka wa 1675. Tumemchagua kwa sababu moja: hakufa kwa kutetea haki ya watu wake peke yao.

Wasikh ni nani?

Dini yao ilianza Punjab, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya India na Pakistan. Mwanzilishi wake, Guru Nanak, alizaliwa mwaka wa 1469. Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, kwamba tabaka alilozaliwa mtu halimpi cheo mbele za Mungu, na kwamba kila mtu ale kwa jasho lake na kumgawia mwenye shida. Neno "guru" lina maana ya mwalimu. Baada ya Nanak walifuata walimu tisa, mmoja baada ya mwingine, na Tegh Bahadur alikuwa wa tisa katika hesabu ya wote kumi.

Kuzaliwa na malezi

Alizaliwa Amritsar mwezi wa Aprili 1621, mtoto wa mwisho wa Guru Hargobind, guru wa sita. Jina lake la kwanza lilikuwa Tyag Mal. Nyumba yao ilijua mateso: babu yake, Guru Arjan, alikufa mikononi mwa serikali ya Wamogoli huko Lahore mwaka wa 1606. Kwa hiyo Hargobind aliwafundisha watoto wake sala na pia matumizi ya silaha. Kijana huyu alipigana kwa ujasiri katika vita vya Kartarpur, na hapo akapewa jina la Tegh Bahadur, yaani shujaa wa upanga.

Hata hivyo, moyo wake ulipenda utulivu. Baba yake alipofariki mwaka wa 1644, uongozi haukuja kwake. Alihamia kijiji cha Bakala pamoja na mama yake Nanaki na mke wake Gujri, akakaa huko miaka kama 20 katika sala na kutafakari.

Kuwa Guru

Mwaka wa 1664 guru wa nane, Har Krishan, mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka minane, alikufa Delhi kwa ugonjwa wa ndui. Mapokeo ya Wasikh yanasema kwamba kabla ya kukata roho alitaja Bakala tu, bila kutoa jina la mtu. Mara watu 22 wakajitokeza Bakala, kila mmoja akidai kuwa ndiye guru.

Mapokeo yanaendelea kusema kwamba mfanyabiashara aitwaye Makhan Shah alikuwa ameweka nadhiri ya sarafu 500 alipokuwa hatarini baharini. Alimpa kila mmoja wa wale wadai sarafu mbili, nao wakazipokea kwa furaha. Tegh Bahadur, ambaye hakudai lolote, alimwuliza mbona hazikutimia kama alivyoahidi. Hapo Makhan Shah akapanda juu ya nyumba na kutangaza kwamba guru amepatikana.

Mwaka uliofuata Guru alinunua shamba chini ya milima na kuanzisha mji aliouita Chak Nanki kwa heshima ya mama yake. Mji huo leo ni Anandpur. Alisafiri pia mashariki, hadi Bengal na Assam, akifundisha. Mwana wake wa pekee, Gobind, alizaliwa Patna mwaka wa 1666.

Ombi la watu wa Kashmir

Wakati huo mfalme wa Wamogoli alikuwa Aurangzeb. Mwaka wa 1669 alitoa amri dhidi ya mahekalu na shule za Wahindu. Mapokeo yanasema kwamba mwaka wa 1675 makuhani wa Kihindu kutoka Kashmir, wakiongozwa na Kirpa Ram, walifika Anandpur wakilia: walikuwa wakilazimishwa kubadili dini. Guru akawashauri wamjibu gavana kwamba wao watabadili dini iwapo Tegh Bahadur atabadili kwanza. Alijua jibu hilo litamfikisha wapi.

Hapa inafaa tukumbuke jambo moja. Makuhani wale walivaa begani uzi mtakatifu, alama ya tabaka lao. Mapokeo ya Wasikh yanasimulia kwamba Guru Nanak, alipokuwa mtoto, alikataa kuvaa uzi huo. Basi Tegh Bahadur alitoa uhai wake ili wengine waendelee kuvaa alama ambayo mwalimu wake wa kwanza aliikataa. Hakubadili imani yake ili awatetee, wala hakuwadai wao wabadili yao.

Alikamatwa na kufungwa pamoja na wafuasi watatu: Mati Das, Sati Das na Dayala. Wasikh wanasimulia kwamba wote watatu waliuawa kikatili mbele ya macho yake. Yeye aliambiwa achague: abadili dini, au afanye mwujiza, au afe. Alikataa mwujiza kama alivyokataa kubadili dini. Mwezi wa Novemba 1675 alikatwa kichwa hadharani, Chandni Chowk, Delhi.

Waandishi wengine wa upande wa Wamogoli, walioandika miaka mingi baadaye, walimweleza kama mtu aliyevuruga amani ya dola. Si ajabu: mara nyingi watawala humwita mtetezi wa wanyonge mwasi.

Urithi wake

Jaita, mtu wa tabaka lililodharauliwa, alikichukua kichwa kwa siri mpaka Anandpur, safari ya zaidi ya kilomita 250. Mwenye magari ya ng'ombe, Lakhi Shah, aliuficha mwili ndani ya nyumba yake, kisha akaichoma nyumba yote ili mwili upate mazishi ya heshima. Mahali hapo pawili huko Delhi pana leo nyumba za ibada, Sis Ganj na Rakab Ganj.

Gobind, mwenye miaka tisa, akawa guru wa kumi. Mwaka wa 1699 aliunda Khalsa, jumuiya ya Wasikh waliowekwa wakfu. Nyimbo za baba yake ziliingizwa katika maandiko yao, Guru Granth Sahib. Zinahusu ufupi wa maisha, mali inayopita na moyo usiotawaliwa na hofu.

Swali kwetu

Habari hii isiwe fimbo ya kuwapigia jirani zetu Waislamu. Aliyeua ni mtawala aliyetumia dini. Tunajua sisi wenyewe jinsi makundi yenye silaha yanavyotumia jina la Mungu, na jinsi jirani asiye na kosa anavyotazamwa vibaya baada ya shambulio.

Hatusemi dini zote ni moja. Imani yetu ni kwa Yesu Kristo, naye katika Yohana 15:13 alitufundisha kipimo cha upendo. Sisi hupaza sauti kanisa letu linapofungwa au mchungaji wetu anapokamatwa, na ni haki. Je, siku jirani wa dini nyingine atakapozuiwa kuabudu, atabisha mlango wetu akijua tutamfungulia?

Bwana atupe moyo wa kufungua.